Mfano Usiobisha Si Mfano

Fittja ni kitongoji cha manispaa ya Botkyrka, kusini-magharibi mwa Stockholm. Katika insha kuhusu ughaibuni, jina hilo limekuwa mtumwa wa kila bwana. Anayetaka kuonyesha kwamba wahamiaji wamejitenga na jamii za Ulaya huandika: “Kwa mfano, Fittja.” Anayetaka kuonyesha kwamba dini na tamaduni zaweza kukaa pamoja naye huandika: “Kwa mfano, Fittja.” Kisha wote wawili huweka nukta, kana kwamba kutaja ni kuthibitisha. Shahidi anayeitikia kila aulizwalo hafai mahakamani, wala hafai katika insha.

Uvivu huu haukuanzia Stockholm. Umelelewa darasani, ambako mwanafunzi huzoea kupachika methali palipo na pengo la hoja. Leo huandika kwamba haraka haraka haina baraka. Kesho, akitetea kinyume chake, ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili zina hekima, lakini hakuna iliyothibitisha lolote katika insha hiyo. Zimetumiwa kama pambo lililovishwa joho la ushahidi.

Mfano wa kweli una tarehe, mipaka na ukaidi. Mwezi Aprili 2013, adhana ilisikika kwa vipaza sauti kutoka mnara wa msikiti wa Fittja, ya kwanza kusikika hadharani namna hiyo nchini Sweden. Tukio hilo humtia taabu kila aliyekuja na jibu mfukoni. Wanaodai kwamba wahamiaji wamejitenga hawana budi kueleza kwa nini waumini hao hawakujichukulia haki kwa nguvu: waliomba, manispaa ikaridhia, polisi wakatoa kibali. Hiyo ni njia ya watu wanaozijua taratibu za nchi wanamoishi. Wanaodai kwamba kuna maelewano kamili nao hawana budi kueleza kwa nini kibali kilihusu Ijumaa tu, kwa dakika chache, na kwa nini jambo hilo lilizua ubishi. Kuvumiliana si sawa na kupatana.

Mfano kama huo humlazimisha mwandishi apunguze dai lake mpaka lilingane na ushahidi alio nao. Ndiyo maana wengi huukwepa. Hujitetea kwamba insha ni fupi, haina nafasi ya maelezo. Basi na waiache mifano minne kati ya mitano, wabaki na mmoja waueleze hadi mwisho.

Shaaban Robert alikiita kitabu chake cha mwaka 1954 Kielezo cha Insha. Neno kielezo limetokana na kueleza, si kutaja. Kwa wakazi wa Fittja, tofauti hiyo si suala la mtindo wa uandishi. Anayetajwa bila kuelezwa amehukumiwa bila kusikilizwa.