Ukomo wa Mishahara? Kwanza Tuulize Nani Alikuwa Mezani

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025, tulikuwa watano chumbani, laptop moja juu ya ndoo iliyogeuzwa, bando tumechangishana. Saa nane na nusu usiku Super Bowl ikaanza kule New Orleans. Philadelphia Eagles wakawachapa Kansas City Chiefs 40 kwa 22, na asubuhi yake nikasinzia kipindi chote cha takwimu. Sijutii.

Kilichonikera kilikuja baadaye, pale vimbwetani. Jamaa mmoja wa Uhasibu, ambaye mpaka wiki ile alikuwa akiuita mchezo ule "raga ya kuvaa helmeti", akasimama na kutoa hotuba. Wamarekani wana akili, akasema. Kule timu zote zimepangiwa kiwango kimoja cha mishahara, hakuna cha tajiri wala maskini. Hapa kwetu tangu Azam wachukue ubingwa 2014 imekuwa Simba na Yanga, Yanga na Simba. Tuweke ukomo wa mishahara kama NFL, basi, yaishe. Watu wakapiga makofi. Mmoja akagonga meza.

Sasa hoja ile imekua miguu. Imepangwa kuwa mada ya mdahalo wetu wa muhula, na nimeombwa kusimama upande wa kuunga mkono kwa kuwa "wewe ndiye unayekesha na hayo mambo". Nimekataa. Nitakuwa upande wa pili, na naomba nieleze kwa nini kabla sijapewa zile dakika tano za ukumbini ambazo huwa zinaishia kwenye vigelegele.

Nianze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, maana wengi tunakisifia tukiwa mbali. NFL ina timu 32. Kila mwaka ligi inatangaza kiwango cha juu ambacho timu inaweza kuandika kwenye daftari lake kwa ajili ya wachezaji. Mwaka 1994, kilipoanza, kilikuwa dola milioni 34.6. Mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Huruhusiwi kuvuka. Katikati ya Machi mwaka mpya wa ligi unafunguliwa, wachezaji ambao mikataba yao imekwisha wanakuwa huru, na mameneja wanaanza kupigana vikumbo.

Umeona lakini nilivyosema, kuandika kwenye daftari. Hapo ndipo ujanja wote ulipo. Chukua mfano wa mchezaji huru anayesaini miaka minne na kupewa dola milioni 20 taslimu siku ya kusaini. Akaunti yake ya benki inasoma 20 leo leo. Daftari la ukomo linasoma 5 mwaka huu, 5 mwakani, 5 mwaka unaofuata, na 5 ya mwisho. Kanuni inaruhusu kugawa fedha ya kusaini hadi miaka mitano, basi mameneja wakagundua kwamba unaweza kubandika miaka hewa mwishoni mwa mkataba. Ndiyo, miaka hewa, kama wale watumishi hewa tunaowasikia. Kila mtu aliyekaa pale mezani anajua mchezaji hatakuwepo mwaka huo, ila mwaka unaandikwa ili ubebe sehemu ya gharama.

Ukimtema yule mchezaji baada ya miaka miwili, zile milioni 10 ambazo hazijaandikwa zinakuangukia. Hazimlipi mtu yeyote aliyeko uwanjani. Wenyewe wanaziita fedha mfu.

Denver Broncos wanajua harufu yake. Mwaka 2022 walimchukua Russell Wilson kutoka Seattle. Huyu ni kwotabeki, yaani yule anayeshika usukani wa mashambulizi na kurusha mpira, na kwa kawaida ndiye ghali kuliko wote. Wakatoa chaguo mbili za raundi ya kwanza za drafti, mbili za raundi ya pili, na wachezaji watatu juu yake. Kisha, kabla hajawachezea hata mechi moja ya msimu, wakamwongezea mkataba wa miaka mitano unaokaribia dola milioni 245. Machi 2024 walimtema, kabla hata mwaka wa kwanza wa mkataba ule mpya haujaanza kuhesabiwa. Fedha mfu: dola milioni 85, zikagawanywa miaka miwili, milioni 53 msimu wa 2024 na 32 uliofuata. Milioni 53 katika mwaka ambao ukomo ulikuwa 255.4. Moja ya tano ya daftari ilimhudumia mtu ambaye alikuwa Pittsburgh akivaa jezi ya Steelers, na Steelers wenyewe walimlipa kima cha chini, takribani dola milioni 1.2, kwa sababu Denver ndio waliobeba mzigo.

Nilicheka sana habari ile. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilishawahi kufanya hivyo hivyo.

Mwaka jana nilikuwa mhazini wa timu ya kitivo. Tulikuwa na kikosi kizuri, karibu wote mwaka wa tatu, na tulitaka kombe. Nikachukua jezi kwa fundi kwa mali kauli, nikakodi basi kwa ahadi, nikaweka dhamana ya michango ya muhula ambao ulikuwa haujafika. Tukafika nusu fainali, tukatolewa kwa penalti. Wakubwa wakahitimu, wakavaa majoho, wakaondoka na jezi zao. Deni likabaki. Oktoba vijana wa mwaka wa kwanza walipoingia, bumu halijatoka hata mara moja, nikawapitishia daftari la michango. Walichangia jezi ambazo hawakuwahi kuzivaa. Kijana mmoja aliniuliza kwa adabu kabisa, "Kaka, hii elfu tano ni ya nini?" Nikamwambia ni ya maendeleo ya timu.

Swali la yule kijana ndilo ninalolipeleka kwenye mdahalo. Mpangilio wa fedha unaonekana mzuri kwa waliokuwepo ulipopangwa. Bili mara nyingi inamfuata ambaye hakuwepo.

Turudi Denver. Walitarajiwa kuporomoka msimu ule wa fedha mfu, lakini walishinda mechi 10, wakapoteza 7, wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu waliotwaa Super Bowl ya 50. Waliwezaje? Walimpata kwotabeki kijana kwenye drafti, Bo Nix, kwa mkataba wa miaka minne wa takribani dola milioni 18.6. Yaani miaka yake yote minne ni karibu theluthi moja tu ya kile kilichoandikwa kwa Wilson katika mwaka mmoja. San Francisco nao walifika Super Bowl ya Februari 2024 wakiongozwa na Brock Purdy, chaguo la mwisho kabisa la drafti ya 2022, mshahara wake msimu ule dola 870,000.

Na hapa jamaa yangu wa Uhasibu anatakiwa asikilize vizuri. Vijana hawa si rahisi kwa bahati. Walifanywa rahisi. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza la drafti, alisaini miaka sita kwa dola milioni 78, kati yake 50 za uhakika. Mwaka 2011 Cam Newton, naye chaguo la kwanza, alisaini miaka minne kwa milioni 22. Katikati hapo wenye timu na chama cha wachezaji walikuwa wametia saini makubaliano mapya yaliyobana mishahara ya wanaoingia. Newton alikosea nini? Alichelewa kuzaliwa. Waliopiga kura walikuwa wachezaji waliokwisha kuingia; wa kesho hakuwa mezani.

Mtu ataniambia ndiyo, lakini walau kule kuna usawa. Upo kiasi, sikatai. Lakini New England walichukua Super Bowl sita chini ya ukomo huo huo, na Kansas City wamebeba tatu katika misimu mitano, kati ya 2019 na 2023. Cleveland Browns hawajawahi kucheza Super Bowl hata moja. Ukomo haukuwaondoa wababe. Ulibadilisha aina ya ubabe, kutoka kwa mwenye mfuko mrefu kwenda kwa mwenye meneja mwerevu. Eagles waliotukesha usiku ule walimchukua Saquon Barkley kama mchezaji huru baada ya New York Giants kukataa kumpa alichotaka, miaka mitatu, dola milioni 37.75. Akakimbia yadi 2,005 msimu huo. Wakamchukua Zack Baun kwa mwaka mmoja, milioni 3.5, mtu ambaye wengi wetu hata jina hatukulijua, na kwenye fainali akanasa pasi ya Chiefs. Huo ni ufundi wa kuchagua watu. Huwezi kuuandika kwenye kanuni.

Lakini hayo ni pembeni. Hoja yangu kubwa ni kwamba ukomo wa NFL haukushuka kutoka ofisi ya rais wa ligi. Kwa miaka mingi mchezaji alipomaliza mkataba timu yake bado ilikuwa na mamlaka juu yake. Mwaka 1987 wachezaji waligoma kudai uhuru wa kuhama. Wenye timu wakaleta wachezaji wa kuokoteza, mechi zikaendelea, mgomo ukavunjika. Wachezaji wakaenda mahakamani. Mwaka 1992 baraza la mahakama Minneapolis likaona kwamba vizuizi vile vinavunja sheria za ushindani. Kesi nyingine ikafunguliwa kwa jina la Reggie White, na mwaka 1993 pande mbili zikakaa na kukubaliana: wachezaji wapate uhuru wa kuhama mikataba ikiisha, wenye timu wapate ukomo wa mishahara. Nipe nikupe. White mwenyewe akahamia Green Bay mwaka huo huo kwa miaka minne, dola milioni 17.

Kwa hiyo ukomo ulikuwa bei. Wachezaji waliulipa wakapata kitu. Na wakapata pia fomula: kiwango kinakokotolewa kutoka mapato ya ligi, karibu nusu yakienda kwa wachezaji, ndiyo maana kimepanda mara nane tangu 1994. Tena timu zinalazimika kutumia kiasi cha chini, haziruhusiwi kujificha nyuma ya ukomo na kukaa na fedha.

Hata hivyo, pamoja na yote hayo, waangalie wenye timu wanavyofanya wakiachiwa nafasi. Mwaka 2010 ukomo haukuwepo, makubaliano yalikuwa yanaelekea ukingoni. Dallas Cowboys na timu ya Washington wakaandika mikataba mizito mwaka ule. Mwaka 2012 ligi ikawakata Washington milioni 36 na Dallas milioni 10 za nafasi ya ukomo. Waliadhibiwa kwa kuvuka mstari ambao haukuwa umechorwa! Dada mmoja wa Sheria nilipomsimulia aliweka kalamu chini akaniambia, "Huo si usawa wa mashindano, kaka. Huo ni waajiri kukubaliana kutopandishiana mishahara."

Kuna na suala la mapato. Green Bay ni mji mdogo wa watu laki moja na kidogo, na timu yake inamilikiwa na wanahisa wa kawaida, kwa hiyo hesabu zake hutolewa hadharani. Kwenye mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, mgao wake wa mapato ya kitaifa ya ligi, hasa televisheni, ulizidi dola milioni 400. Ukomo wa mishahara wa msimu huo ulikuwa milioni 224.8. Yaani kabla hawajauza tiketi moja, mishahara imeshalipika na chenji imebaki. Kila timu kati ya zile 32 inapata mgao sawa na huo. Usawa wenyewe umekaa hapo kwenye mgao, na ukomo umekuja kuketi juu yake.

Sasa chukua ukomo peke yake, ulete kwetu. Acha mgao sawa, acha fomula ya mapato, acha vitabu vilivyo wazi, acha kiwango cha chini, acha saini ya wachezaji. Kitabaki nini? Kitabaki kifuniko juu ya mshahara wa beki wa kushoto wa timu ya mkoani ambaye kwa mara ya kwanza maishani Simba au Yanga wamemtajia kiasi cha kumjengea mama yake nyumba. Timu yake haitapata senti zaidi. Ni yeye tu atakayepata pungufu. Tena tunazungumzia mpira ambao tumeshazoea kusikia klabu imefungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji. Tatizo la mishahara mikubwa mno hilo?

Walioandika mada ya mdahalo nimewaomba waongeze maneno machache: "kwa makubaliano na chama cha wachezaji, na kwa mgao sawa wa mapato ya televisheni." Tunacho chama, SPUTANZA. Wakiyaongeza maneno hayo nitahamia upande wa pili wa ukumbi mbele ya watu wote, na jamaa wa Uhasibu anaruhusiwa kunizomea. Wamesema mada itakuwa ndefu mno kwenye bango.

Yule kijana wa elfu tano, kwa taarifa yenu, ndiye mhazini wa timu mwaka huu. Wiki iliyopita alikuja chumbani kuchukua daftari la zamani la michango. Alikaa kitandani akalisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, hakusema kitu.