BWANA MIFUGO ASIFICHWE HABARI ZA ZIZI

Mbuzi wengi wakitupa mimba katika zizi moja kwa juma moja, hiyo si habari ya mwenye zizi peke yake. Ni habari ya kijiji kizima, na wa kwanza kuipata yapasa awe bwana mifugo.

Hatujasahau mwaka 2007. Mvua kubwa zilinyesha mwishoni mwa 2006, Homa ya Bonde la Ufa ikazuka Kenya, na Januari 2007 ikawa imekwisha kuingia kwetu. Katika nchi nzima watu zaidi ya 100 walikufa, na mkoa wetu wa Dodoma ndio ulioumia sana. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka jinsi watu walivyoogopa hata harufu ya nyama.

Ugonjwa huu una njia yake. Virusi vyake hukaa ndani ya mayai ya mbu, na mayai hayo hulala miaka katika udongo mkavu wa mabonde yakingoja mafuriko. Mbu wakitoka huuma mifugo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hutupa mimba, na wadogo wao hufa kwa wingi. Ndipo huugua mtu aliyechinja mnyama mgonjwa, aliyeshika mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, aliyekunywa maziwa mabichi, au aliyeumwa na mbu. Basi zizi huweza kujua kabla ya hospitali. Habari ikimfikia bwana mifugo, akapeleka damu maabara na kumwarifu mganga wa wilaya, akina mama wataonywa wachemshe maziwa na wachinjaji watajikinga. Ikifichwa, mganga ataipata kwa mgonjwa aliyekwisha kuzidiwa.

Kwa nini tunaficha? Tusidanganyane. Siku za ukoloni, wazee wengi walimjua bwana mifugo kwa amri za kupunguza ng'ombe. Leo twaogopa karantini: mnada hufungwa, na mwenye mbuzi hukosa fedha za mahindi na sare za watoto. Hofu hii ni ya kweli, na kiongozi anayeidharau hafai. Lakini mnada uliofungwa hufunguliwa. Baba aliyezikwa harudi.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji atoe taarifa. Sheria peke yake haitoshi. Serikali nayo inadaiwa. Mtu mmoja asiye na petroli ya pikipiki hawezi kuangalia kata nzima. Chanjo ya mifugo nayo hapana budi ije kabla ya mvua, maana ugonjwa ukishaanza, sindano ile ile ikipita mnyama hadi mnyama yaweza kuueneza. Na mfugaji aliyeleta habari mwenyewe apokewe kwa shukrani, asitishwe kwa faini.

Sisi wa chama tusijitoe. Kila mkutano wa tawi tunauliza kadi na ada, lakini zizi hatuliulizi. Kila balozi wa nyumba kumi awe na namba ya simu ya bwana au bibi mifugo wa kata yake, na msimu wa mvua aulize kila nyumba: mimba ngapi zimetupwa, ndama wangapi wamekufa? Jibu lifike siku hiyo hiyo.

Tusingoje mafuriko. Tuanze katika mkutano ujao wa tawi.