Mpe Paka Wiki Nane na Watoto Wake



Leo tuwaache kidogo ng'ombe, nguruwe na kuku. Nataka tuzungumze habari za paka. Najua kuna watakaocheka, maana tangu nianze kazi ya ugani sijawahi kuamshwa usiku kwa sababu paka anazaa. Lakini nina hoja, na naomba unisikilize hadi mwisho.

Hapa Manda, mwambao wa Ziwa Nyasa, kila mavuno yakiingia ndani simu zinaanza. "Bwana mifugo, nitafutie mtoto wa paka, panya wananimaliza." Wana haki ya kulalamika. Panya wanakula mahindi na mpunga, wanachafua makopa, wanatoboa magunia, na kwa mvuvi wanakata nyavu ambazo bado anadaiwa. Basi mtu akisikia paka wa jirani amezaa, anawahi kuomba wake. Watoto wakifikisha wiki tatu au nne, wakianza kutembeatembea, kila mmoja anachukua wa kwake, anamtia kwenye kikapu, anaondoka.

Baada ya miezi michache malalamiko yanageuka. Mmoja atasema wake alikufa ndani ya wiki. Mwingine atasema wake amekuwa mkubwa, lakini kutwa anakaa karibu na sufuria na panya wanapita mbele yake. "Paka wa siku hizi wavivu, bwana mifugo." Mimi sikubaliani na hilo. Maoni yangu ni kwamba tunamnyang'anya mama watoto kabla hajamaliza kazi yake, halafu tunamlaumu mtoto kwa kutojua asichofundishwa.

Kazi anayoifanya mama

Paka hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili hivi, siku 63 hadi 65, na mara nyingi huzaa watoto watatu hadi watano. Akikaribia kuzaa hutafuta mahali penye giza, pakavu na pasipo na kelele: chini ya kitanda, nyuma ya magunia, juu ya nyavu chakavu. Kila mtoto akitoka, mama hupasua ngozi laini iliyomfunika, humlamba hadi apumue, hukata kitovu kwa meno na kula kondo la nyuma. Usishtuke ukiona hivyo, na usimsaidie kama hana shida. Ila ukimwona anasukuma kwa muda mrefu na hakuna kinachotoka, tuite.

Mtoto huzaliwa haoni na hasikii. Macho huanza kufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika siku yake ya kwanza anapata dang'a, maziwa yenye kinga, sawasawa na ndama. Baada ya siku chache kila mtoto anakuwa na chuchu yake anayoijua na kuirudia.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: katika wiki tatu za mwanzo mtoto hawezi kukojoa wala kunya mwenyewe. Mama humlamba tumboni na sehemu za nyuma ndipo haja itoke, naye huisafisha papo hapo ili kiota kisitoe harufu ya kumwita adui. Hawezi pia kujipasha joto. Wenzetu wa Njombe mjini wanaijua baridi ya Juni na Julai, lakini hata huku ziwani kwenye joto, usiku wa upepo sakafu ya udongo hupoa. Mama ndiye blanketi lao.

Halafu kuna kuhama. Ukiwashikashika watoto wake, kukiwa na kelele, shume akizungukazunguka au kiota kikichafuka, mama huwahamisha. Humng'ata mmoja kwa ngozi ya shingo bila kumuumiza, mtoto analegea kama amelala, wanaondoka. Kisha anarudi kumchukua mwingine. Watu husema paka lazima ahamishe watoto nyumba saba, na wengine wanaona ni mambo ya kichawi. Hakuna uchawi hapo, wala hakuna hesabu ya saba. Anahama kwa sababu ameona hatari, na mara nyingi hatari hiyo ni sisi.

Kosa langu mwenyewe

Nasema haya nikiwa mkosaji. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa na stashahada bado mpya kwenye bahasha, bibi mmoja jirani aliniita. Paka wake alikuwa amezaa watoto wanne juu ya nyavu za marehemu mumewe. Wajukuu waliwachezea mchana kutwa, na jioni watatu walikuwa hawaonekani. Amebaki mmoja analia. "Mwanangu, huyu mama yake amemkataa. Mchukue wewe msomi."

Nikamchukua. Nilimweka kwenye boksi, nikampa maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Usiku aliharisha. Siku ya pili tumbo lilikuwa limejaa kama mpira, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamlamba ili apate haja. Siku ya tatu alikufa mkononi mwangu.

Kilichoniuma zaidi ni maneno ya bibi asubuhi yake. Aliniambia usiku ule nilioondoka na mtoto, paka alirudi. Alipanda juu ya nyavu, akanusa, akazunguka nyumba akilia hadi karibu na alfajiri. Hakuwa amemkataa. Alikuwa hajamaliza kuhamisha, na mimi nilimwahi.

Mimi huyohuyo nilikuwa nazunguka vijijini nikiwaambia wafugaji wasimtenge ndama na dang'a ya mama yake. Kwa ng'ombe nilikuwa na elimu, kwa paka nilikuwa na haraka.

"Mbona wa wiki nne anakula dagaa?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa sana. Ni kweli, kuanzia wiki ya nne mtoto anaanza kuonja chakula. Lakini kula dagaa kwenye sahani si kukamata panya. Ni wakati huohuo ndipo mama anapofungua darasa. Kwanza huleta panya aliyekufa na kumla mbele ya watoto. Baadaye huwaachia wamle wenyewe. Mwisho huleta panya aliye hai, anamwachia, watoto wanahangaika naye, na akitaka kutoroka mama anamrudisha. Ukimchukua mtoto wiki ya nne, umemtoa shuleni siku ya kufungua shule.

Kuna na suala la tabia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza wenye paka, jumla ya paka zaidi ya 5,000. Waliotengwa na mama kabla ya wiki 8 walikuwa na ukali zaidi kwa watu wageni. Kwa hiyo yule paka anayeparua watoto wako huenda hakuzaliwa mkali.

Wapo wanaosema mama mwenyewe huwachoka. Ni kweli, wiki za mwisho huanza kuwakwepa na kuwakemea wakitaka kunyonya. Hilo nalo ni somo. Mwache alimalize mwenyewe.

Nakuomba ufanye hivi

1. Mpe mama boksi au tenga lenye nguo kuukuu, mahali penye giza na pakavu. Wiki mbili za kwanza watoto wa nyumbani wasiguse. Kuanzia wiki ya tatu wanaweza kuwashika kwa upole dakika chache kila siku, ili wazoee watu.

2. Ukikuta mtoto mmoja amebaki, sogea mbali usubiri saa kadhaa. Kama ni wa baridi, mpashe joto kwa kitambaa hapohapo alipo. Usiondoke naye.

3. Mlishe mama. Anayenyonyesha anahitaji chakula mara mbili hata tatu ya kawaida yake. Ugali mtupu hautoshi. Mpe dagaa, vichwa vya samaki na maji safi. Njaa, usumbufu au mtoto kufa ndivyo vinavyoweza kumfanya mama ale mtoto wake, si laana.

4. Usitege sumu ya panya nyumba yenye paka. Akimla panya mwenye sumu naye anaweza kufa, na watoto watakufa kwa njaa. Wala usimpake paka dawa ya kuogeshea ng'ombe ukitaka kuua viroboto. Inaua.

5. Anaweza kupata mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Kama hutaki paka wengi, muulize daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi mapema, badala ya kuja kutupa watoto ziwani kwenye kiroba. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda paka pia.

6. Mtoto akifikisha miezi mitatu, mlete kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo ile si ya mbwa peke yao.

Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Mimi naongeza kwamba hutawala pia paka akiwepo ambaye hakufundishwa. Gunia la mahindi linakuchukua miezi kulilima. Wiki nane si nyingi. Ukishamwomba jirani yako mtoto wa paka, mwambie "nitarudi wiki ya nane", kisha kweli urudi wiki hiyo.