Mtoto kiziwi asiwe mgeni kwao



Natoa maoni kuhusu malezi ya watoto viziwi vijijini.

Watoto viziwi walio wengi sana huzaliwa na wazazi wanaosikia. Hapa Dutwa mtoto mwingine hufika darasa la kwanza na Kisukuma chake alichookota nyumbani bila kufundishwa. Mtoto kiziwi huelekezwa kwa kidole tu: njoo, kula, kachunge ng'ombe. Kukiwa na msiba huona watu wanalia asijue aliyekufa ni nani. Akili anazo, lugha ndiyo hakupewa. Wazazi huitumia miaka hiyo kuzunguka hospitali na kwa waganga, wakingoja aseme. Tiba itafutwe, lakini lugha haingoji tiba.

Tangu Shule ya Viziwi Tabora ianzishwe mwaka 1963, na ile ya Buguruni mwaka 1974, watoto wengi wamepata elimu. Shuleni mtoto hupata wenzake na Lugha ya Alama. Taabu huanza likizo. Nimemwona kijana akirudi hapa kijijini na mengi ya kusimulia, nyumbani asipate hata mmoja wa kumwelewa. Akawa anahesabu siku za kurudi bwenini. Je, kwao ni wapi?

Wapo wanaodai alazimishwe kusema kwa mdomo. Mkutano wa walimu wa viziwi huko Milan, mwaka 1880, ulipitisha hivyo, na ishara zikapigwa marufuku katika shule nyingi. Mwaka 2010, mkutano wa aina hiyo huko Vancouver uliukataa uamuzi huo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua lugha za alama na utamaduni wa viziwi.

Basi kwanza tuache kuwaita "bubu". Wenyewe hujiita viziwi, na chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Pili, naishauri Serikali ishirikiane na CHAVITA kuendesha mafunzo ya Lugha ya Alama kwa wazazi, mabibi na ndugu, katika shule za msingi wakati wa likizo. Wakati huo mtoto mwenyewe yupo nyumbani, naye atasaidia kufundisha.

Kumsomesha mtoto peke yake, na kuiacha familia yake gizani, ni kumpa lugha na kumnyima wa kuzungumza naye.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Dutwa, Bariadi.