Ruta ya Kabatini Haifundishi Mtu

Haya jamani, leo nina hasira kidogo, nivumilieni.

Juzi mama mmoja jirani yangu hapa Voi aliniita. "Kijana wangu, hebu nishauri. Mtoto anataka kusomea mitandao ya kompyuta, anaambiwa huku hakuna vifaa, lazima aende Nairobi. Niuze ng'ombe?" Nikamwambia, mama, ng'ombe muache kwanza.

Imani hii kwamba mitandao haisomeki bila kabati la ruta za bei ghali inanikera sana. Mimi nimesomea sayansi ya kompyuta. Ruta tulikuwa nayo, tena moja, ndani ya kabati lenye kufuli, na mwenye ufunguo hakuwa akionekana. Tuliichora daftarini kama vile watoto wa shule wanavyochora moyo wa binadamu. Mtihani nilipita. Kuelewa nilikuja kuelewa baadaye, kwa laptopu ya mtumba yenye memori ya GB 8.

Dawa yenyewe ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya kompyuta yako, ikiwa na diski yake, memori yake na kadi zake za mtandao. VirtualBox ni ya bure na ipo tangu 2007. Weka humo Linux ndogo isiyo na madirisha, kama Alpine. MB 256 zinaitosha kila mashine, kwa hiyo mashine nne zinakula GB 1 tu.

Zipe majina ya kwetu: Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Barabara unazijua. Ukitoka Voi kwenda Taveta unapita Mwatate, na wa Wundanyi anakatia hapo hapo Mwatate. Basi Mwatate ndiyo ruta. Ipe kadi tatu, kila moja na mtandao wake wa ndani: 10.0.1.0/24 upande wa Voi, 10.0.2.0/24 upande wa Wundanyi, 10.0.3.0/24 upande wa Taveta. Mitandao hii haitoki nje ya laptopu, kwa hiyo hata ukivuruga kila kitu, hakuna mtu nyumbani atakayekufokea.

Sasa ukiwa Voi, piga ping Taveta. Kimya. Nenda Mwatate uwashe upitishaji wa pakiti (net.ipv4.ip_forward=1), kisha uiambie Voi kwamba njia ya Taveta ni kupitia Mwatate. Bado kimya! Wengi hukata tamaa hapa, na somo ndiyo kwanza linaanza. Washa tcpdump kule Taveta. Kumbe pakiti zinafika! Jibu ndilo linakosa njia ya kurudi, kwa sababu Taveta hukuiambia Voi iko wapi. Siku niliyoliona hilo kwa macho yangu nilijifunza kuliko muhula mzima wa kunakili ubaoni.

Ukishazoea, ongeza mtandao wa nne kati ya Wundanyi na Taveta, washa upitishaji huko pia, na uweke FRRouting na OSPF kwenye mashine zote. Anzisha ping kutoka Voi hadi Taveta, halafu ingia kwenye mipangilio ya VirtualBox uchomoe waya wa Mwatate kwenda Taveta. Subiri kidogo. Utaona pakiti zinazungukia Wundanyi zenyewe.

Utasema huo ni mchezo. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki yote. Mwaka 2012 nanga ya meli ilikata waya wa TEAMS hapo Mombasa. Waya ukikatika, anayepona ni aliyekwisha kupanga njia ya pili na kuijaribu. Utaijaribia wapi? Kwenye mtandao wa hospitali, wagonjwa wakiwa kwenye foleni?

Nakubali, mashine pepe haitakufundisha kubana vichwa vya waya, kupanda mlingoti, wala kupambana na vumbi na joto la Voi. Hayo yanahitaji mikono na vifaa. Lakini ni mafunzo ya wiki kadhaa kando ya fundi. Kufikiri kama pakiti ndiko kunakochukua miezi, na huko hakuhitaji kabati.

Kwa hiyo walimu, acheni kisingizio cha vifaa. Kama maabara yenu ina kompyuta kumi zinazowaka, mna mitandao arobaini ya kufundishia. Na ninyi vijana, acheni kungoja ufunguo wa kabati.

Mtoto wa jirani alianza Jumamosi. Jana usiku amenipigia simu akilalamika: "Kaka, Taveta haijibu!"

Nikamuuliza, je, inajua njia ya kurudi?