Usimvishe mtoto wa Diani kama wa Limuru

Ukiingia duka la nguo za watoto pale Ukunda mwezi wa Februari, jua likiwa utosini na dera limekuganda mgongoni kwa jasho, nguo ya kwanza utakayoonyeshwa ni seti ya sufu: sweta, suruali, kofia na soksi, zote rangi moja, zimefungwa ndani ya karatasi ya nailoni na kutiwa utepe. Muuzaji atakuhakikishia kwamba hiyo ndiyo nguo ya kumtoa nayo mtoto hospitalini. Nawe, kwa vile ni uzazi wa kwanza na hutaki mawifi waseme mwana wa kaka yao alitoka wodini kama yatima, utafungua kibeti.

Seti hiyo ni nzuri kwa mtoto wa Limuru, ambako baridi ya Julai huingia hadi kitandani. Kwa mtoto atakayelala Diani, Gazi au Msambweni msimu wa kaskazi, ni pesa zilizotupwa, na pengine ni zaidi ya pesa. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba amepata joto, wala hawezi kujifunua. Hulia mpaka akachoka, harara zikamtoka shingoni na kwapani, mwili ukachemka. Na mamake akimgusa hudhani ni homa. Wako ambao hapo ndipo humwongezea blanketi.

Basi mtoto avishwe kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2022 kuhusu huduma za mama na mtoto baada ya kujifungua, linasema avishwe nguo tabaka moja au mbili zaidi ya zile anazovaa mtu mzima mahali hapo, pamoja na kofia. Sasa jihesabie mwenyewe. Ikiwa wewe uko ndani ya dera moja jepesi na bado unajipepea, mtoto wako anahitaji fulana nyepesi na nepi, na juu yake leso. Hapo umetimiza agizo. Sweta ya sufu haimo katika hesabu hiyo.

Hata hivyo, usije ukanielewa vibaya ukamlaza uchi chini ya feni. Mtoto anapozaliwa huwa ameloa, na mwili wake mdogo hupoteza joto upesi, hata hapa kwetu. Ndiyo maana wakunga humkausha mara moja na kumlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na ndiyo maana siku hizi hushauriwa asiogeshwe mpaka saa 24 zipite. Kofia ya pamba ina kazi yake siku hizo za mwanzo na usiku. Akishazoea dunia na ikawa mchana wa joto ndani ya nyumba, mvue.

Aidha, wilaya zetu za zamani zilizoitwa kwa jina moja hazina hali moja ya hewa. Mji wa Kwale uko juu ya Shimba Hills, na mwezi wa Julai upepo wake wa alfajiri si ule wa Ukunda chini. Mama wa Kwale mjini, Lukore au Kubo ana haki ya kununua sweta moja nyepesi, na ovaroli mbili za mikono mirefu. Mama wa Shimoni akinunua, ajue amenunua pambo.

Namna ya kujua kama mtoto yuko sawa ni rahisi. Mguse tumboni na nyuma ya shingo kwa kiganja. Akiwa na jasho, mpunguzie nguo moja. Tumbo likiwa la baridi, mweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, kisha ufunike wote wawili. Mwenye kipimajoto atafute kati ya 36.5 na 37.5. Lakini ikiwa umemfungua na bado joto limezidi 37.5, au limeshuka chini ya 35.5, au hataki kunyonya, hilo si jambo la nguo tena. Mkimbize hospitali usiku huo huo.

Tukija kwenye ununuzi wenyewe, ningependa kuanza na kitu ambacho huenda tayari unacho: leso kuukuu. Sisemi leso mpya. Leso mpya huwa ngumu kwa wanga wa kiwandani na rangi yake bado inatoka, hivyo ifuliwe mara kadhaa kabla ya kumgusa mtoto. Leso iliyovaliwa miaka mitatu imelainika, inanyonya maji na inakauka upesi. Leso moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110; ukiikata vipande vinne unapata winda nne za kukunja. Nyingine ibaki nzima iwe shuka ya kumfunikia, na ya tatu iwe mbeleko.

Lakini uhakikishe ni ya pamba. Siku hizi nyingi zinazotandazwa njiani zimechanganywa na nyuzi za plastiki, na hizo hazinyonyi jasho wala mkojo. Mafundi cherehani wana mtihani wao: chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uchome kwa kiberiti mbali na kitambaa. Uzi wa pamba hugeuka jivu na kunuka kama karatasi iliyoungua. Ule mwingine huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Leso ina faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Kuna familia nyingi ambazo huona ni mkosi kununua nguo za mtoto kabla hajazaliwa, na sioni sababu ya mama mja mzito kugombana na mama mkwe kwa jambo hilo. Leso ni zako, zimo sandukuni mwako siku zote, na hakuna atakayesema umemtangulia Mungu. (Jina la leso hata hivyo litakaguliwa, kwani hakuna nyanya atakayekubali mjukuu apokewe kwa leso ya mafumbo ya mke mwenza.)

Ukishakuwa na leso, yaliyobaki ni machache: fulana nne hadi sita za pamba, zile zinazofunguka mbele ili usimpitishie shingo kwa nguvu, kofia mbili, soksi jozi mbili, taulo moja laini, na shali moja. Nguo za kutembelea usinunue kabisa. Wageni wa arubaini watazileta, na karibu wote huleta saizi ya mtoto wa siku moja, ambayo ndani ya wiki chache haitamtosha. Wifi yako akikuuliza alete nini, mwambie bila haya: sabuni, au nguo ya miezi sita.

Nepi ndizo za kuhesabu vizuri. Baada ya wiki ya kwanza mtoto anayenyonya vizuri hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, na haja kubwa juu yake. Kwa nepi za kitambaa, dazeni moja hutosha wakati wa jua. Katika mvua za Mei, nguo zinapolala kambani siku mbili bila kukauka, afadhali dazeni mbili. Na kwa mama wa Kinango au Lungalunga anayechota maji mbali, nepi za kutupa kwa usiku peke yake huenda zikamwokolea madumu kadhaa. Huo si uvivu. Vyovyote vile, nepi ikunjwe chini ya kitovu ili kitovu kipate hewa na kisiloe mkojo. Kile kitambaa cha kumkaza tumboni eti kitovu kisitokeze, achana nacho. Vile vile usimfunge miguu ikanyooka kama ukuni. Mbeleko inayomwacha akunje magoti ni nzuri zaidi kwa nyonga zake.

Mitumba? Mimi sina ubaya nayo. Nguo iliyofuliwa mara nyingi ni laini kuliko mpya, na ya pamba tupu hupatikana kwa bei nafuu. Ifue kwa maji moto na sabuni, ianike juani kambani, si juu ya nyasi wala mchangani, kisha upige pasi nje na ndani. Pasi hiyo si ya urembo. Yuko nzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini, na funza wake huingia ngozini. Moto wa pasi huyaua mayai hayo. Soksi zigeuze ndani nje, ukate nyuzi zinazoning'inia, maana uzi mmoja unaweza kukizungukia kidole cha mguu na kukikaba mpaka kikavimba.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike safu hii. Katika nyumba nyingi, nguo za mtoto wa kwanza huwekwa zimngoje wa pili. Hufuliwa, hukunjwa, hutiwa sandukuni, na juu yake hutupwa vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza mende na nondo. Vidonge vingi vya aina hiyo ni nafthalini. Miaka miwili baadaye sanduku hufunguliwa na mtoto wa siku moja akavishwa fulana inayonuka nafthalini toka kola hadi pindo.

Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD ndani ya damu. Hali hii ni ya kurithi, huwapata zaidi watoto wa kiume, na imeenea katika sehemu za dunia zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, pwani yetu ikiwa mojawapo. Mwenye hali hii anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua. Lakini mvuke wa nafthalini ukimwingia akiwa mchanga, chembechembe zake nyekundu za damu hupasuka, naye hupata manjano makali. Manjano yakizidi hufika kwenye ubongo, na mtoto akipona anaweza kubaki kiziwi au na ulemavu wa viungo. Mwaka 1963 madaktari wa Ugiriki waliandika habari za watoto wachanga 21 waliopasukiwa na damu kwa kuvuta mvuke huo, na baadhi yao hawakuwa na upungufu wowote wa G6PD. Hakuna kati yao aliyekula kidonge. Walivuta harufu tu.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kama nguo zilikaa na vidonge hivyo, zisimguse mtoto mchanga. Kuzifua mara moja hakutoshi. Ziweke kando umvishe leso, na nguo hizo zipate upepo na jua siku nyingi, zifuliwe tena na tena mpaka harufu iishe kabisa. Za kuhifadhi kuanzia leo zikaushe vizuri na kuzitia ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana. Hina pia isipakwe kwa mtoto mchanga, kwani imewahi kuleta balaa hilo hilo kwa wenye upungufu wa G6PD. Na udi, ambao najua hamtauacha, ufukizwe nguo zikiwa chumba kingine na mtoto hayupo, kisha zipungwe hewa kabla ya kuvaliwa.

Manjano kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi hayaonekani haraka usoni. Tazama weupe wa macho na ufizi, ukiwa mwangani. Yakitokea siku ile ile ya kwanza, au yakifika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto akawa mlegevu na hanyonyi, usimwanike juani ukingoja. Anahitaji kupimwa damu, na pengine taa maalumu za hospitali.

Imebaki safari ya kurudi nyumbani. Mama anayetoka Hospitali ya Msambweni kwa matatu hana shida kubwa. Lakini anayevuka kutoka Shimoni kwenda Wasini au Mkwiro kwa mashua, au aliyepanda bodaboda jioni, atakutana na upepo. Hapo ndipo shali na kofia vina kazi. Mfunge kifuani, si mgongoni, uso wake ukiwa wazi apumue, na mkifika umfungue mara moja. Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo mbili na nusu huenda wauguzi wakakufundisha kumbeba ngozi kwa ngozi saa nyingi za siku, njia iliyoanzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Huyo nguo zake ni nepi, kofia na soksi. Sweta yake ni wewe.

Na zile pesa za seti ya sufu, kama bado hujazitoa, kanunue kipimajoto, kisha uulizie kliniki kuhusu chandarua chenye dawa. Mtoto wa Msambweni atakivaa kila usiku, kaskazi na kusi, na hakitambana mwezi wa pili.