Genge la Lushoto halina nyanya

Nusura safu hii ikose mwandishi. Sababu yenyewe ni neno moja tu: genge.

Kwetu Temeke genge ni pale kwa mama anayepanga mafungu ya nyanya, vitunguu na dagaa. Sasa mwezi uliopita nilimsindikiza rafiki yangu kwao Lushoto, kijiji cha karibu na Irente. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilometa 33 hivi, kona juu ya kona, upande mmoja jabali, upande wa pili hewa tupu. Nilifika tumbo limechafuka, chakula cha jioni nikakikataa. Saa nne usiku njaa hiyoo!

Nikatoka nje. Bibi yake rafiki yangu akaniona. "Mjukuu wangu, upande huo usiende, kuna genge."

Mtoto wa mjini nikafurahi kimoyomoyo. Nikajua bibi hataki mgeni atoe hela yake. Nikamdanganya naenda chooni, nikazungukia nyuma ya nyumba. Ukungu umetanda, simu haina chaji. Mara jiwe likachomoka chini ya ndala yangu, likaenda zake. Nikatega sikio lisikike likitua. Kimya.

Mdogo wake rafiki yangu akanidaka shati. "Kaka, unakwenda wapi?"

"Gengeni."

"Si ndiyo hili!"

Nilikaa chini palepale, nikamshika yule dogo mguu kama mtoto. Mama yangu ana mtoto wa kiume mmoja tu, jamani. Asubuhi ndiyo nikaona vizuri: Mazinde iko chini huko, karibu mita 1,000, mashamba ya mkonge yanaonekana kama mkeka. Magoti yakaanza upya.

Niliporudi Dar nikafungua kamusi. Kumbe bibi alisema Kiswahili safi kuliko mimi na cheti changu cha kidato cha nne: genge ni mahali ardhi au mwamba ulipokatika ghafla kwenda chini. Korongo ni lile bonde jembamba lililochimbwa na maji. Mteremko waweza kuushuka ukaupanda tena. Genge hushukwa mara moja.

Sisi wa mjini tumeyalegeza haya maneno. Jambo rahisi tunaliita mteremko, na kitu cha bure tunasema cha kitonga, kwa jina la ule mlima wa njia ya Iringa. Hebu muulize dereva wa lori anayeshuka Kitonga na mzigo, breki zinanuka, utingo kashika mlango tayari kuruka, kama pale kuna cha bure.

Juzi bibi kapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Mjukuu wangu, nyanya za gengeni kwetu ulizionaje bei?"